Somo la Mwezi: Jina la Marehemu kwenye Kadi



Maandiko ya kusoma nyumbani: Mithali 18:13 na 17, Matendo 17:16-34, Wagalatia 6:2.

Majuzi tulikaa kwenye benchi la chai huko Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili kinasikika kila barabara. Ndugu mmoja aliyekuja mjini kutoka kambini kwa matibabu akatuletea swali. Familia ya jirani yake imefiwa na bibi. Miezi miwili imepita, na jina la bibi bado limo kwenye kadi ya posho. Wajukuu watano wanakula sehemu yake. Je, huo ni wizi?

Mmoja wetu akajibu upesi: "Ni wizi, basi." Mama muuza chai akamgeukia: "Unasema hivyo kwa sababu umeshiba, ndugu yangu." Mwingine akasema wakubwa wanaiba zaidi. Sauti zikapanda, chai ikapoa, na swali likabaki pale pale. Tulirudi nyumbani bila amani. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. Swali la benchi ni swali kubwa

Wengi wetu tunadhani falsafa ni kazi ya watu wa chuo kikuu. Lakini Paulo alipokuwa Athene alizungumza sokoni kila siku na watu aliowakuta, na miongoni mwao walikuwamo wanafalsafa Waepikureo na Wastoiko. Maswali makubwa yalikuwa sokoni, kama yalivyo leo kwenye foleni ya maji na kwa kinyozi.

Hapa karibu kwetu, Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa mwaka 1956 kitabu cha falsafa kilichoanzia kwenye maneno ya Kinyarwanda yanayosemwa kila siku, kama umuntu na ikintu. Kiswahili chetu nacho kinatenga mtu na kitu. Mtu anaanguka, kitu kinaanguka. Mtoto mdogo hakosei hapo.

Tupime swali letu kwa kipimo hicho. Bibi alikuwa mtu, tulimlilia na kumzika. Tukilitumia jina lake kama mfuko wa kubebea unga, tumemfanya kitu. Lakini wale watoto watano nao ni watu. Aliyesema "ni wizi, basi" hakuuliza hata kama wamekula.

2. Tujifunze kwa wazee wa Burundi

Warundi wana desturi ya zamani ya bashingantahe, yaani wazee wa upatanishi. Jina hilo linatokana na kusimika intahe, fimbo ya haki. Mtu hakujipa cheo hicho. Jamii ilimtazama kwanza mwenendo wake, kama anapenda ukweli, kama anajizuia katika kunywa, kama anatunza siri. Kisha alisimikwa mbele ya watu na kula kiapo. Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, nao ulitaja kuurudishia ubushingantahe nafasi yake.

Njia yao ni hii: wanasikiliza pande zote mbili na mashahidi, wanashauriana, ndipo wanatoa neno. Mithali 18 inafundisha vilevile. Anayejibu kabla ya kusikia anajiaibisha, na wa kwanza kujieleza huonekana ana haki mpaka mwenzake afike. Sisi pale kwenye benchi tulitoa neno kwanza. Familia yenyewe haikuwapo, wala hakuna aliyeuliza kwa nini hawajaenda kuandikisha kifo. Huenda ni njaa. Huenda ni hofu ya kuadhibiwa kwa kuchelewa.

3. Neno letu

Kesho yake tulikaa tena, tukasikilizana kwa zamu. Tulikubaliana hivi. Jina la bibi litolewe. Uongo ukikaa mezani kila siku, watoto wanaula pamoja na chakula. Tena ukigunduliwa, familia nyingine inayosema kweli haitaaminiwa. Na wizi wa wakubwa hauoshi mikono yetu.

Lakini anayemwambia mwenye njaa aseme kweli, naye amejitwika mzigo. Wagalatia 6:2 inatuagiza tubebeane mizigo, na ukweli wa jirani unaweza kuwa mzigo mzito kuliko gunia. Kwa hiyo asiende mtu kuwasema kwa siri ofisini. Waende wawili nyumbani kwao, wakiwa na unga mkononi, wasikilize, kisha wawasindikize kwenda kueleza. Na posho itakapopungua, majirani waendelee kuchangia watoto. Hukumu isiyo na kibaba cha unga ni nyepesi kwa mtoaji tu.

Mama muuza chai hakusema mengi. Alifunga sukari kwenye karatasi, akampa yule ndugu: "Wapelekee. Halafu mwende pamoja."

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Ni lini tulimhukumu jirani kabla ya kumsikia?
- Je, kuna jambo tunalificha kwa sababu ya njaa au hofu? Nani tunaweza kumwambia?
- Tukimtaka mwenzetu aseme kweli wiki hii, tutambebea nini?

Wazazi, waacheni watoto nao wajibu. Wanaona mengi kuliko tunavyodhani.

Bwana awabariki na kuwalinda.