Mstari Unaopita Nukta Mbili

Swali: Nauza viatu vya mitumba Gikomba, tunaishi Majengo. Binti yangu wa kidato cha pili aliambiwa atafute mlinganyo wa mstari unaopita (2, 7) na (5, 1). Aliandika y = 2x + 3, mwalimu akamkosoa. Yeye asema alihakikisha jibu. Shida iko wapi?

Jibu: Mama, shida ni ishara moja tu. Anayetafuta mteremko hugawa tofauti ya y kwa tofauti ya x, na nukta inayotangulia juu sharti itangulie chini pia. Juu ni 1 − 7, yaani −6. Chini ni 5 − 2, yaani 3. Mteremko ni −2. Inaelekea binti aliandika 2 − 5 chini, akapata 2.

Sasa y = −2x + c. Kwa (2, 7): 7 = −4 + c, hivyo c = 11. Jibu ni y = −2x + 11.

Alihakikisha, ndiyo, lakini bila shaka kwa nukta ileile iliyompa c, na hiyo hukubali hata mteremko ukiwa mbovu! Ajaribu (5, 1): mlinganyo wake watoa 13, huu watoa 1. Na achore kwanza. Mstari unaoshuka hauwezi kuwa na mteremko chanya.

Akitaka zoezi, mpe la biashara yako. Tuseme robota ni shilingi 9,000 na kila jozi waiuza 300: faida ni y = 300x − 9,000. Mwulize mstari unakata wapi mhimili wa x.