Utamu, Ugwadu na Nguvu ya Kileo

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, hakuna shida ya kupata kitu kitamu wala kitu chenye ugwadu. Nyuki wa misitu ya miombo hutoa asali, migomba hustawi vilimani, na ndimu huuzwa sokoni. Asali, ndimu na maji vikichanganywa hufanya kinywaji chema cha nyumbani. Katika nchi nyingi watu wazima hutia ndani ya kinywaji cha namna hiyo vodka, kileo kilichoanzia Urusi na Polandi, na mtindo huo umekwisha kuenea katika miji yetu pia. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa misingi ya kemia, kwa nini ulimi ambao ni hakimu mwema wa ladha ni hakimu mbaya wa nguvu ya kileo.

Asili ya utamu na ugwadu

Yapata sehemu nne kwa tano za uzito wa asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Ugwadu wa ndimu hutokana na asidi ya sitriki. Maji ya ndimu yana pH ipatayo 2 hadi 2.5. Msomaji atakumbuka kwamba kila pH inaposhuka kwa hatua moja, ayoni za hidrojeni huongezeka mara kumi. Kwa hiyo kioevu chenye pH 2 kina ayoni hizo mara 100,000 kuliko maji safi yenye pH 7.

Ulimi una vipokezi vya utamu na vingine vya ugwadu. Ladha hizi mbili zinapokutana, kila moja hupunguza makali ya mwenzake. Hata hivyo sukari haiangamizi asidi, wala asidi haiondoi sukari. Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani.

Jaribio

Chukua bilauri tatu safi za jikoni. Vyombo vya maabara visitumiwe kamwe kwa kitu cha kuonjwa. Katika kila bilauri mimina mililita 200 za maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha ongeza vitu vifuatavyo:

Bilauri A: asali gramu 20 na maji mililita 15 zaidi, ili ujazo ulingane na ule wa B.
Bilauri B: asali gramu 20 na maji ya ndimu mililita 15.
Bilauri C: maji ya ndimu mililita 15 peke yake.

Koroga vizuri. Wanafunzi waonje bila kuambiwa kilichomo, kila mmoja kwa kijiko chake, kisha waandike ni bilauri ipi iliyo tamu zaidi kati ya A na B, na ipi iliyo na ugwadu zaidi kati ya B na C. Aghalabu watasema kwamba A ni tamu kuliko B, na kwamba C ina ugwadu kuliko B. Lakini asali ya A na ya B ni sawasawa kwa mizani, na ndimu ya B na ya C ni sawasawa kwa kipimo. Hivyo ulimi huhisi uwiano wa vitu. Hautoi hesabu ya kiasi chake.

Pombe ya ndizi

Wazee wa Buha wana ujuzi wa siku nyingi wa kutengeneza pombe ya ndizi. Ndizi huvundikwa hadi ziive, na wanga wake hugeuka sukari. Kisha hukandwa pamoja na majani makavu hadi maji yake yatoke. Hamira huibadili sukari hiyo kuwa ethanoli na gesi ya kaboni dayoksaidi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Kwa hesabu ya mlingano huu, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za gesi.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Katika pombe hii kileo huzaliwa kutokana na sukari yenyewe: kadiri kileo kinavyozidi, ndivyo utamu unavyopungua. Mwonjaji aliyezoea huweza kukisia kwa ulimi kama pombe ni changa au imekomaa. Tena nguvu yake ina mpaka, kwani hamira nyingi hudhoofika alkoholi inapofikia yapata asilimia 15.

Kileo kilichokenekwa

Katika mchanganyiko wa vodka uhusiano huo umevunjika. Vodka hupatikana kwa ukenekaji, na kwa kawaida huwa na ethanoli asilimia 40 kwa ujazo. Utamu na ugwadu hutiwa baadaye kwa kadiri apendavyo mchanganyaji, navyo havielezi lolote kuhusu kileo kilichomo. Zaidi ya hayo hufunika mwasho wa ethanoli, ambao ungemwonya mnywaji.

Tuchukue mfano wa kawaida: sehemu mbili za vodka, sehemu moja ya maji ya ndimu na sehemu moja ya shira ya asali. Vodka mililita 60, ndimu 30, shira 30, na maji ya barafu iliyoyeyuka 60, jumla ni mililita 180. Ethanoli iliyomo ni 60 × 0.40, yaani mililita 24. Kwa kuwa kila mililita ya ethanoli ina uzito wa gramu 0.789, tunapata takriban gramu 19. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5 ina mililita 25. Bilauri hii ndogo, inayonyweka kama maji ya matunda, inakaribia kulingana na chupa nzima ya bia.

Mwili wa mtu mzima huondoa yapata gramu 7 hadi 10 za ethanoli kwa saa. Bilauri mbili zina gramu 38. Kuziondoa huchukua saa nne hadi tano na zaidi. Ndimu, kahawa wala maji baridi haviharakishi kazi hiyo.

Hatari ya methanoli

Wapo wanaotumia gongo badala ya vodka, wakidhani kwamba ndimu huua sumu yake. Dhana hii ni ya hatari. Ndizi zina pektini, ambayo ikivunjika hutoa methanoli kidogo. Methanoli huchemka katika nyuzi 64.7 za Selsiasi, na ethanoli katika nyuzi 78.4. Tofauti hii ni ndogo, na chungu cha kienyeji hakiwezi kuzitenga kabisa. Lililo baya zaidi ni kwamba wafanyabiashara waovu huongeza methanoli ya viwandani kwa makusudi. Jijini Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe ya namna hiyo. Nchini Uganda, Aprili 2010, makumi ya watu walikufa, wengi wao wilayani Kabale, kwa waragi iliyokuwa na methanoli.

Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mishipa ya macho. Ulimi hauwezi kuitambua, na asidi ya ndimu haiiondoi. Dalili huweza kuchelewa nusu siku au zaidi: macho kuona ukungu, kutapika, kuhema kwa kasi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwani tiba ipo.

Nchini Tanzania sheria ya mwaka 1966 iliweka utengenezaji wa gongo, yaani moshi, chini ya leseni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuwauzia vileo walio chini ya umri wa miaka 18. Kwa mwanafunzi, bilauri B ya jaribio letu yatosha: ina utamu na ugwadu, na yote yaliyomo yanajulikana.

Maswali

1. Kileo chenye ethanoli asilimia 35 kikitumiwa badala ya vodka katika mfano wetu, ni gramu ngapi za ethanoli zitakuwamo katika bilauri moja?
2. Shira ikiongezwa maradufu, yaani mililita 60, asilimia ya alkoholi itakuwa ngapi? Je, kiasi cha ethanoli anachokunywa mtu kimepungua?
3. Mililita 50 za ethanoli na mililita 50 za maji zikichanganywa hutoa mililita zipatazo 96 tu. Eleza sababu. (Dmitri Mendeleev aliuchunguza mchanganyiko huu katika tasnifu yake ya mwaka 1865.)