Manukato "bila alkoholi": Swali moja halitoshi

Muislamu anaponunua manukato, swali lake la kwanza, na mara nyingi la mwisho, ni hili: "Hii ina alkoholi?" Muuzaji akijibu kuwa haina, au akionyesha maandishi ya "bila alkoholi" kwenye chupa, mjadala umekwisha. Pesa inatolewa, chupa inatiwa mfukoni. Swali hilo linaulizwa Njombe mjini, na linaulizwa Makambako, kwenye njia panda ya barabara za Iringa, Mbeya na Songea, ambako mizigo ya kutoka Dar es Salaam na ile ya kutoka mpaka wa Tunduma hupita kila siku.

Swali hilo si baya. Wanazuoni wamelijadili kwa kirefu na kila mmoja ana dalili zake. Lakini tujiulize: kwa nini udadisi wetu unaishia kwenye alkoholi tu? Je, dini iliyotuhimiza kujua kinachoingia tumboni haijali kinachoingia kupitia ngozi na mapafu?

Kabla ya kuendelea, ieleweke kuwa makala hii haipingi manukato. Kujitia manukato ni sunna. Mtume (s.a.w) alihimiza kuoga na kujipaka manukato siku ya Ijumaa, na akafundisha kuwa anayepewa manukato asiyakatae. Tunachozungumzia hapa ni haki ya mnunuzi kujua anachojipaka.

Neno moja linaloficha mengi

Chukua losheni, sabuni, poda ya mtoto au mafuta ya mgando yenye harufu. Soma orodha ya viambato nyuma ya kopo. Utakuta maji, mafuta, na kemikali kadhaa zimetajwa moja moja. Halafu utakuta neno "parfum" au "fragrance", yaani manukato. Neno hilo moja linaweza kusimama badala ya makumi ya kemikali, wakati mwingine zaidi ya mia.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Nchini Marekani, sheria ya lebo ya mwaka 1966 haimlazimishi mtengenezaji kutoa siri ya mchanganyiko wake wa harufu. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa nchi hiyo kupitisha sheria inayoiagiza mamlaka yake ya chakula na dawa itunge kanuni ya kutaja vizio vya manukato, yaani kemikali zinazoamsha mzio. Ulaya walitangulia. Kuanzia mwaka 2005 walitaka kemikali 26 za manukato zitajwe kwa majina kwenye lebo zikizidi kiwango fulani, na mwaka 2023 walipitisha kanuni iliyoongeza orodha hiyo hadi zaidi ya 80.

Wapo watakaosema kuwa hizo ni kemikali za viwandani, na kwamba mafuta ya asili hayana shida. Sivyo. Miongoni mwa zile 26 za mwanzo imo yujinoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya karafuu. Imo jeranioli, inayopatikana katika waridi. Imo limonini, ya maganda ya machungwa na ndimu. Asili si dhamana ya usalama.

Na zipo zilizoondolewa kabisa. Kemikali iitwayo Lilial, yenye harufu ya maua, ilitumika kwa miaka mingi katika shampuu, losheni na manukato. Ulaya iliipiga marufuku katika vipodozi kuanzia tarehe 1 Machi 2022 baada ya kubainika kuwa inaweza kudhuru uzazi. Sasa fikiria kopo la zamani lililoandikwa "fragrance" tu. Mnunuzi atajuaje kama imo au haimo?

Hali ya sokoni kwetu

Kwetu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu manukato mengi hayana lebo kabisa. Mafuta yanavutwa kwa bomba la sindano kutoka chupa kubwa, yanatiwa katika kichupa cha mililita tatu au sita, na kichupa kinapewa jina zuri la Kiarabu. Aliyetengeneza hajulikani, tarehe ya kuisha haijulikani, kilichomo hakijulikani. Hata "miski" inayouzwa kwa bei ya chini si ile ya mnyama, bali ni ya kutengenezwa maabara.

Maneno "bila alkoholi" yanamaanisha kuwa kiyeyushi kimoja hakimo. Hayasemi lolote juu ya kemikali za harufu zenyewe. Tena mafuta hayo hupakwa yakiwa makali, moja kwa moja shingoni, nyuma ya masikio na kwenye viwiko vya mikono.

Madhara yake

Mzio wa manukato hauji siku ya kwanza. Mtu anaweza kutumia harufu moja kwa miaka bila tatizo. Taratibu kinga ya mwili inaitambua kemikali kuwa adui, na ikishaitambua, kwa kawaida haisahau tena. Hapo huanza muwasho, wekundu, vipele na ngozi kupasuka. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilikadiria mwaka 2012 kuwa mtu mmoja hadi watatu katika kila mia wana mzio wa aina hii. Tiba yake kubwa ni kuiepuka kemikali husika. Lakini utaepukaje kitu ambacho hakikutajwa?

Chupa kukaa wazi au juani nako kunachangia. Limonini na linaloli, zilizomo katika manukato mengi, zikikutana na hewa kwa muda hubadilika na kuzidi ukali kwa ngozi. Chupa zilizopangwa juani mezani kutwa nzima zinahusika hapa.

Kwa wenye pumu, harufu kali inaweza kuamsha shambulio. Moshi wa udi ni zaidi, kwani una chembechembe na gesi zinazoingia mapafuni. Nchini Oman, ambako kufukiza ni desturi kama ilivyo kwa Waswahili wa pwani, utafiti juu ya watoto wa shule uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa moshi wa ubani na udi huwazidishia shida wale ambao tayari wana pumu.

Kwa mkoa wa Njombe jambo hili lina uzito wa pekee. Mwezi Juni na Julai baridi ni kali, madirisha hufungwa, jiko la mkaa huingizwa ndani, na chetezo huwekwa juu ya mkaa huohuo. Mkaa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Udi unanukia vizuri, na anayelala humo hajui kuwa anavuta kinachoweza kumuua.

Sheria ya dini inasemaje?

Kwanza, Mtume (s.a.w) aliweka msingi kuwa kusiwe na kudhuru wala kudhuriana. Pili, alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka na kukuta chini imelowa, alimkemea muuzaji kwa kuficha kasoro, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tatu, alifundisha kuwa baraka ya biashara iko katika ukweli na kubainisha. Lebo ni njia ya leo ya kubainisha. Hivyo anayedai lebo hadai jambo la kigeni.

Nne, alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asikaribie msikiti ili asiwaudhi wengine. Kama harufu ya chakula halali imezingatiwa hivyo, vipi harufu inayomnyima pumzi maamuma mwenye pumu katika safu?

Zaidi ya hayo, ibada zetu zenyewe zinahitaji lebo. Aliye katika ihramu haruhusiwi kujitia manukato, na mjane aliye katika eda huyaepuka pia. Wengi hununua sabuni iliyoandikwa "unscented" wakidhani haina manukato. Neno hilo lina maana kuwa haisikiki harufu, na huenda imetiwa manukato kidogo ya kufunika harufu ya viambato vingine. Ya kutafuta ni ile iliyoandikwa "fragrance-free", kisha orodha isomwe.

Tufanye nini?

1. Wauzaji, hasa wa milango ya misikiti, waanze kuandika kwenye kila kichupa: kimetoka kwa nani, lini kilifunguliwa, na kisipakwe watoto wachanga.

2. Mnunuzi ajaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Akiona muwasho, aache na amwone daktari.

3. Udi ufukizwe dirisha likiwa wazi, watoto na wenye pumu wakiwa nje, na jiko la mkaa lisilale chumbani na watu.

4. Maimamu waombe waumini wapunguze manukato makali Ijumaa, na wasifukize msikiti watu wakiwa ndani.

5. Tuidai serikali. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi ulihama kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tumezoea kusikia vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vikikamatwa na kuteketezwa, na hilo ni jema. Lakini manukato nayo yanahitaji kanuni: vizio vitajwe kwa majina, na onyo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Jumuiya na taasisi zetu huandika barua nyingi kwa mamlaka kila mwaka. Barua moja kuhusu lebo za manukato ingewafaa Waislamu na wasiokuwa Waislamu, kwani mtoto anayepakwa mafuta ya mgando asubuhi ya baridi Makambako haulizwi dini yake na kemikali iliyomo.

Wabillahi tawfiq.