Kifaranga Hajulikani kwa Rangi: Somo la Kununua, Kulea na Kupima Kuku Chotara

Si ajabu hapa Mbezi Luis, asubuhi mabasi yanapoingia katika Kituo cha Magufuli, kumwona abiria akishuka na boksi lenye matundu, ndani yake vifaranga 100 wa siku moja wakilia. Boksi hilo hupakiwa kwenye bodaboda kuelekea Makabe, Msakuzi au Malamba Mawili, na pamoja nalo husafiri matumaini ya familia nzima: ada ya shule, kodi ya nyumba, au marejesho ya mkopo wa kikundi. Miezi mitatu baadaye, baadhi ya wanunuzi hao huja na swali moja: "Niliambiwa ni chotara. Mbona hawakui?"

Swali hilo lina majibu matatu yanayowezekana. Huenda kuku si wa aina aliyoambiwa. Huenda ni wa aina hiyo, lakini walilelewa vibaya. Huenda waliugua na kudumaa. Mfugaji asiye na kumbukumbu hawezi kujua lipi kati ya hayo ndilo lake, na kwa hiyo hurudia kosa lile lile kwa fedha nyingine. Somo hili linakusudia kumwezesha mkazi kulijibu swali hilo mwenyewe. Msingi wake ni mmoja: sifa za aina ya kuku huonekana pale tu malezi yanapokuwa sahihi, na hupimwa kwa mizani na daftari, si kwa macho peke yake.

Majina na maana zake

Neno "chotara" si jina la aina moja. Ni neno la jumla kwa kuku aliyetokana na kuchanganya koo mbili au zaidi. Kuroiler alizalishwa nchini India kwa ajili ya ufugaji wa vijijini, apate kutoa nyama na mayai bila kuhitaji mazingira ya kiwandani. Sasso ni jina lenye asili ya Ufaransa. Wengi tunaowaona hapa wana manyoya mekundu. Aina hizo mbili zilijaribiwa na wafugaji wa Tanzania chini ya mradi wa African Chicken Genetic Gains, ulioendeshwa pia Ethiopia na Nigeria. Yule tunayemwita "kuku wa Malawi" kwa kawaida ni Black Australorp, kuku mweusi mwenye asili ya Australia, aliyesambazwa kwa miaka mingi na serikali ya Malawi.

Kuku wetu wa asili nao si wamoja. Kuchi ni mrefu, mwenye miguu mirefu, manyoya machache na hulka ya ugomvi. Ching'wekwe ana umbo dogo na miguu mifupi. Kishingo hana manyoya shingoni, jambo linalomsaidia kupoteza joto katika hali ya hewa kama ya kwetu. Mtetea wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga takriban mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Chotara aliyetunzwa vema huweza kufikisha 150 au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo mfugaji anayoilipia anaponunua kifaranga, na ndiyo anayostahili kuidai.

Kabla ya kutoa fedha

Kosa la kwanza hutokea hapa. Mnunuzi huangalia rangi, akaridhika. Rangi hudanganya. Vifaranga wa Kuroiler huja na rangi nyingi mchanganyiko. Vifaranga wa Black Australorp ni weusi wenye weupe au unjano tumboni. Lakini katika koo nyingi za kuku wa mayai wa kahawia, vifaranga wa kike huanguliwa wakiwa na rangi ya kahawia, na wa kiume wakiwa weupe au manjano. Majogoo hao wa kuku wa mayai hawahitajiki na mfugaji wa mayai, hivyo huuzwa kwa bei ya chini. Si wagonjwa, wala kuwafuga si kosa; ila hukua polepole na kamwe hawatataga. Boksi zima la vifaranga wa manjano, bei nafuu kuliko kawaida, linaloitwa "chotara", linastahili maswali kabla ya malipo.

Maswali yenyewe ni manne. Vifaranga wametoka kituo gani cha kutotolea, na walianguliwa tarehe gani? Wazazi wao ni wa aina gani? Je, walichanjwa chanjo ya Mareksi siku ya kwanza? Chanjo hiyo hutolewa kwa sindano kituoni, na kuichelewesha hakumsaidii kifaranga. La nne, je, kuna stakabadhi yenye jina la kituo, aina na idadi? Muuzaji anayekwepa maswali haya amekwisha kujibu.

Kisha mkague kifaranga mmoja mmoja. Awe na macho maangavu, kitovu kilichofunga na kukauka, miguu inayong'aa, na sehemu ya haja isiyoganda kinyesi. Mlaze chali juu ya kiganja: mwenye nguvu hujigeuza na kusimama mara moja. Tahadhari kuhusu asili ya vifaranga si ya mfugaji peke yake. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa nchini kinyume cha utaratibu kupitia Namanga waliteketezwa na mamlaka kwa hofu ya magonjwa. Kifaranga asiye na karatasi ni hasara inayosubiri siku yake.

Wiki nne za mwanzo

Kifaranga wa siku moja hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Katika wiki ya kwanza anahitaji takriban nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha joto lipungue kwa nyuzi kama 3 kila wiki. Watengenezee duara la karatasi ngumu au mabati mepesi, lisilo na pembe, kwa kuwa pembeni ndiko wanakolundikana na kukosa hewa. Tandika maranda makavu. Washa taa au jiko saa chache kabla hawajafika, ili waingie kwenye joto badala ya kulisubiri.

Kipimajoto kinafaa, lakini vifaranga wenyewe husema. Wakijikusanya chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni huku wakihema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa, wakila na kulala kwa utulivu, hali ni njema. Wanaotumia jiko la mkaa wahakikishe chumba kina tundu la hewa juu, na mtu yeyote asilale humo: moshi usioonekana wa mkaa huua vifaranga na huua binadamu.

Kwa makadirio, kifaranga mmoja hula kama kilo moja ya chakula katika wiki nne za kwanza. Kwa vifaranga 100, hiyo ni mifuko miwili ya kilo 50 ya chakula cha vifaranga. Mwenye fedha ya kununua vifaranga 100 na mfuko mmoja tu anunue vifaranga 50. Kuchanganya pumba tupu ili chakula kifike mwisho wa mwezi ndiyo njia ya haraka ya kumgeuza kuku bora kuwa kuku hafifu, na baadaye kumlaumu muuzaji bila haki.

Chanjo kwa wakati wake

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinaweza kumaliza banda zima katika siku chache, na hakina tiba. Kinga yake ni chanjo. Utaratibu unaofuatwa na wafugaji wengi ni huu:

Siku ya 7: kideri.
Siku ya 14: Gumboro.
Siku ya 21: kideri, marudio.
Siku ya 28: Gumboro, marudio.
Wiki ya 6 hadi ya 8: ndui, kwa kuchoma kwenye ngozi ya bawa.

Baada ya hapo kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya matone ya jicho inayostahimili joto, aina ya I-2, hutengenezwa jirani yetu, katika Taasisi ya Chanjo iliyopo Kibaha. Hata hivyo, kustahimili joto si ruhusa ya kuiacha juani.

Kwa chanjo zinazowekwa katika maji, ipo hatari ambayo wengi hawaifahamu: maji ya bomba huwekewa klorini, na klorini huua chanjo. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua yasiyotiwa dawa. Waondolee vifaranga maji kwa saa moja au mbili, kisha wape kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Andika tarehe. Chanjo haitibu kuku aliyekwisha kuugua. Kundi lenye dalili lionwe kwanza na afisa mifugo.

Kupima: kazi ya mizani na daftari

Hapa ndipo mfugaji anapopata haki ya kuihukumu aina ya kuku wake. Pima katika wiki ya 4, ya 8 na ya 12, asubuhi kabla ya kulisha. Kati ya kuku 100, chukua 10 bila kuchagua. Mzungushie ubao kundi dogo pembeni ya banda, kisha pima wote walio ndani, kwa sababu mkono wa binadamu hupenda kumkamata mkubwa au mzembe. Jinsia zikishajulikana, pima majogoo peke yao na mitetea peke yao.

Tufanye zoezi. Tuseme mitetea 10 ya wiki 8 imepimwa na kutoa gramu hizi: 610, 780, 800, 820, 840, 860, 880, 900, 910 na 1,000. Jumla ni 8,400. Wastani ni 840. Asilimia 10 ya wastani ni 84. Kwa hiyo kuku walio kati ya gramu 756 na 924 wapo karibu na wastani. Wahesabu: ni 8 kati ya 10.

Takwimu hizi ni za zoezi tu, lakini njia yake ni ya kweli. Wastani ulinganishe na jedwali la ukuaji la aina husika, ambalo ni haki yako kuliomba kituoni siku ya kununua. Ukaribu wa uzito nao una ujumbe. Wanane au zaidi wakiwa karibu na wastani, kundi limelelewa kwa usawa. Wakiwa wanne au watano tu, tazama kwanza vyombo vya chakula, msongamano, minyoo na ugonjwa, au uwezekano kwamba boksi lilichanganywa kuku wa aina mbili. Na kundi likiwa na usawa mzuri, limekula vizuri, limechanjwa, lakini wastani upo chini sana ya jedwali, hapo sasa shaka juu ya aina ina msingi. Mwenye stakabadhi na daftari la namna hiyo huenda kwa muuzaji akiwa na ushahidi. Asiye navyo huenda na malalamiko.

Mtetea aliyekomaa hupimwa kwa njia nyingine pia. Anayetaga huwa na upanga mwekundu uliojaa kichwani, na nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga hupitisha vidole viwili hadi vitatu. Asiyetaga huwa na upanga uliosinyaa na mifupa iliyobanana. Andika mayai ya kila siku. Mwezi mmoja wa kuandika hufundisha kuliko mwaka wa kukisia.

Jogoo mzuri si lazima awe baba mzuri

Wapo wanaomwacha jogoo chotara mkubwa kuliko wote ili wazalishe vifaranga wao wenyewe. Mayai yataanguliwa baada ya siku 21 kama kawaida, lakini vifaranga hawatafanana na wazazi. Ubora wa chotara hutokana na mchanganyiko uliopangwa wa koo maalumu. Kizazi kinachofuata sifa hizo hutawanyika, mmoja akawa mkubwa, mwingine mdogo, mwingine mtagaji hafifu. Zaidi ya hayo, mitetea ya chotara wengi haiatamii vizuri. Anayetaka uzalishaji wa nyumbani abaki na kundi dogo la kienyeji lenye mitetea hodari wa kulea. Anayetaka mazao ya chotara ahesabu gharama ya vifaranga wapya kila awamu. Mipango yote miwili ni sahihi, mradi mfugaji ajue yupo katika upi.

Ujirani mwema

Viwanja vyetu vimebanana. Banda lisizidi kuku wakubwa watano au sita kwa mita moja ya mraba, na maranda yaliyolowa yaondolewe mapema, hasa wakati wa masika. Kuku aliyekufa afukiwe chini kabisa. Asitupwe korongoni wala mtaroni, kwa maana ugonjwa hufuata maji na mbwa. Kuku aliyepewa dawa asiuzwe, wala mayai yake yasiliwe, mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vina sababu ya ziada ya kulizingatia somo hili. Mkopo hurejeshwa hata kama kuku hawakukua. Kabla kikundi hakijaagiza vifaranga, kimwone afisa mifugo wa kata na kununua vitu viwili vya bei ndogo: mizani ya kuning'iniza na daftari. Ukurasa wa kwanza wa daftari uandikwe siku ile ile boksi linapofunguliwa: tarehe, kituo walikotoka, aina iliyotajwa, idadi ya walio hai na uzito wa vifaranga 10. Kuanzia hapo, swali la "mbona hawakui" litakuwa na pa kuanzia.