Ozoni Haina Mpaka: Namna Hewa ya Scarborough Inavyokadiriwa

Ozoni iliyo juu sana angani humkinga mwanadamu na miale mikali ya jua. Iliyo karibu na ardhi humdhuru. Huwasha koo, hubana kifua na kuchochea pumu. Haitoki moja kwa moja katika bomba la gari, bali hufanyika hewani pale oksidi za nitrojeni kutoka magari na viwanda zinapokutana na mvuke wa petroli, rangi na viyeyushi chini ya jua kali. Kwa hiyo huzidi alasiri za siku za joto.

Barabara kuu ya 401 hupita Scarborough, ikiwa na magari mengi. Hata hivyo, sehemu ya ozoni ya hapa huletwa na upepo kutoka Marekani. Ili kujua ni hatua ipi itakayofaa, wataalamu hutumia modeli ya kompyuta. Eneo zima hugawanywa katika miraba, na kila mraba hupewa takwimu za moshi, upepo, joto na jua. Kwanza modeli hujaribiwa kwa kiangazi kilichopita, na majibu yake hulinganishwa na vipimo vya vituo vya hewa. Yakikaribiana, moshi wa chanzo kimoja hupunguzwa ndani ya hesabu ili kuona ozoni itashuka kwa kiasi gani, na wapi.

Hesabu hizo hufunza kwamba mji mmoja hauwezi kujisafishia hewa peke yake. Katika mwaka 2000, Kanada na Marekani ziliongeza kifungu cha ozoni katika mkataba wao wa hewa wa 1991. Kufikia 2014, Ontario ilikuwa imeacha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe.

Modeli husaidia pia kutabiri hewa ya kesho. Kipimo cha AQHI huonyesha hatari kwa afya: 1 hadi 3 ni ndogo, 4 hadi 6 ya wastani, 7 hadi 10 kubwa, na zaidi ya 10 kubwa sana. Kikifika 7, watoto, wazee na wagonjwa wa pumu au moyo wapunguze kazi nzito na michezo ya nje, au waihamishie asubuhi. Dawa ya kuvuta iwe karibu. Barakoa haizuii ozoni, wala anga la buluu si ushahidi kwamba hewa ni salama. Mtu akishindwa kupumua, ipigwe simu 911 mara moja.