Asubuhi hainuki, jioni anacheza netiboli: binti anadanganya?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Mwaka jana magoti na vifundo vyake vya mikono vilivimba kwa miezi kadhaa, tukaambiwa ni baridi yabisi ya watoto. Alianzishiwa methotreksati, anameza mara moja kwa wiki, na akapata nafuu kubwa. Sasa asubuhi anashindwa hata kuinama afagie, lakini jioni namwona uwanjani akicheza netiboli na wenzake. Baba yake anasema ni uvivu tu. Juzi nilipokuwa natandika kitanda chake nikakuta vidonge vya wiki kadhaa chini ya godoro. Nikimuuliza, ananuna. Je, nimlazimishe? Na atakuja kuzaa kweli? – Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, pole sana kwa unayoyapitia. Nianze na hilo neno uvivu, kwa sababu mtoto mgonjwa akishaitwa mvivu nyumbani kwao, huacha kusema anapoumia.

Binti yako hadanganyi. Viungo kukakamaa asubuhi ni dalili kubwa ya ugonjwa huu. Mwili ukitulia usiku kucha, kiungo chenye uvimbe hukaza, na mtoto huamka hawezi kukunja goti wala kufunga vifungo vya shati. Akishajongea kwa muda, viungo hulegea. Ndiyo maana anayeshindwa kushika ufagio saa kumi na mbili asubuhi anaweza kudaka mpira saa kumi jioni. Mwambie baba yake kwa upole kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini ugumu huo wa asubuhi unakwambia jambo jingine. Alipata nafuu, kisha umerudi, na vidonge viko chini ya godoro. Huenda ugonjwa umeamka kwa sababu dawa imekatika. Mrudishe kliniki wiki hii, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Usimpe vidonge vingi kwa pamoja ili kufidia vilivyorukwa. Mweleze daktari ukweli wote, naye ataamua aanze tena vipi.

Baridi yabisi ya watoto ni uvimbe wa viungo unaoanza kabla ya miaka 16, ukadumu wiki 6 au zaidi, bila chanzo kingine kujulikana. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Ugonjwa huu hauletwi na sakafu ya baridi wala maji ya alfajiri. Hauambukizi, na si kazi ya mchawi. Chale na kuchuliwa kwa nguvu havitauondoa. Kiungo chenye uvimbe kikichuliwa kwa nguvu kinaweza kuumia zaidi.

Kwa nini basi mtoto mwenye akili zake afiche dawa? Methotreksati huwatia wengi kichefuchefu, wengine hutapika kwa kuiona tu. Tena haifanyi kazi kama dawa ya maumivu. Huchukua wiki 6 hadi 12 nguvu yake kuonekana, na ukiiacha, madhara nayo hukawia. Huenda binti aliacha wiki ya kwanza, hakuona tofauti. Akaacha ya pili, akajisikia vizuri zaidi kwa kuwa hatapiki. Akahitimisha kwamba dawa ndiyo inayomuumiza. Ongeza na umri: miaka 14 ni umri wa kutaka kufanana na wenzake, na hakuna kinachomtenga kijana na kundi lake kama vidonge vya kila wiki.

Kumlazimisha kutakupa wiki moja ya utii, kisha atatafuta maficho mengine. Keti naye mkiwa wawili tu, wakati hakuna ugomvi, umuulize kitu gani katika dawa hii kinamkera. Kama ni kichefuchefu, kuna njia: kumeza usiku baada ya chakula, kuchagua Ijumaa ili Jumamosi apumzike, kutumia vidonge vya asidi ya foliki kama daktari alivyoelekeza, na ikishindikana, kuomba abadilishiwe achomwe sindano. Kisha mwachie kazi. Achague mwenyewe siku ya dawa, aandike kwenye kalenda kila anapomeza, na wewe uwe mkaguzi. Kliniki, omba daktari azungumze naye peke yake kwa dakika chache. Yapo maswali ambayo hatayauliza mbele ya mama. Miaka michache ijayo atahudumiwa na madaktari wa watu wazima, na wakati huo anapaswa kujua mwenyewe jina la dawa yake, kipimo chake na siku yake.

Kuna mambo ya usalama ambayo nyumba nzima lazima iyajue. Methotreksati kwa ugonjwa huu ni mara moja kwa WIKI. Ikimezwa kila siku inaweza kuua. Anahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kuangalia seli za damu na ini. Asinywe pombe. Akipata mafua au ugonjwa wa mkojo, msinunue dawa kiholela: kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Septrin na hupatikana kirahisi, ikichanganywa na methotreksati inaweza kuharibu uboho na kushusha vibaya seli za damu. Kila mkienda dukani au zahanati, taja kwanza dawa anayotumia, na uliza pia kabla ya chanjo yoyote. Jihadhari vilevile na “dawa za viungo” za mitaani zinazodaiwa kuponya kwa siku mbili. Baadhi ya dawa za aina hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi, ambazo zikitumika ovyo huvimbisha uso, hudumaza urefu na hudhoofisha mifupa.

Jambo linalosahaulika sana ni macho. Ugonjwa huu unaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho bila wekundu, bila maumivu, bila dalili yoyote, hadi uoni upotee. Hatari ni kubwa zaidi kwa baadhi ya watoto kuliko wengine, lakini kila mmoja anapaswa kuchunguzwa na daktari wa macho kwa darubini maalumu ya kukagua ndani ya jicho, kisha arudi kila baada ya miezi kadhaa kadiri atakavyoelekezwa. Kusoma herufi za ukutani hakutoshi. Kama binti hajawahi kupimwa hivyo, fanya mwezi huu.

Netiboli, muache acheze. Zamani watoto hawa walilazwa kitandani, na misuli yao ikanyauka. Leo tunajua kiungo kinahitaji kutembezwa: kutembea, kuogelea, baiskeli, mazoezi ya kunyoosha. Siku ambayo goti limevimba na lina joto, apumzike kuruka na kukimbia, basi. Asubuhi aamke mapema kidogo, anyooshe viungo akiwa bado kitandani, kisha aoge maji ya moto. Kazi za nyumbani asisamehewe zote, maana naye ni mtoto wa nyumba hiyo. Mpangie za jioni. Kufagia kwa ufagio mfupi alfajiri kumngoje hadi dawa ishike tena, au mnunulie ufagio wa mpini mrefu.

Shuleni nenda na barua ya daktari, uongee na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Mtoto huyu anaweza kuchelewa namba asubuhi kwa sababu miguu haijafunguka, kisha akaadhibiwa kwa kupigishwa magoti. Adhabu hiyo juu ya goti lenye uvimbe ni ukatili, hata kama mwalimu hakukusudia. Omba aruhusiwe kusimama na kujinyoosha darasani, asibebeshwe ndoo za maji, na kama vidole vinamsumbua kuandika, ulizeni mapema kuhusu muda wa ziada kwenye mitihani.

Umeuliza kama atazaa. Ugonjwa huu wenyewe haumzuii mwanamke kuwa mama, na wengi waliougua utotoni wamezaa. Ila methotreksati hudhuru sana mimba changa, kwa hiyo huachwa mapema, kwa mpango wa daktari, kabla ya kutafuta mtoto. Binti wa miaka 14 anahitaji kulisikia hili kutoka kwako, kwa lugha ya wazi, kabla hajalisikia kwingine. Kuhusu kupona: baadhi ya watoto ugonjwa hutulia kabisa, wengine huendelea nao utu uzima. Kwa wote, dawa inayotumiwa mapema na bila kukatika ndiyo inayozuia viungo kupinda. Methotreksati ikishindwa zipo nyingine, zikiwemo dawa za kibayolojia, ingawa ni ghali na kabla ya kuzianza lazima apimwe kifua kikuu.

Mkimbize hospitali siku hiyohiyo akipata homa kali, kiungo kimoja kikivimba ghafla kikawa cha moto hata hawezi kukigusa, vidonda vya mdomoni, michubuko isiyo na sababu, kushindwa kupumua, au jicho kuuma na kuona ukungu.

Na wazazi wengine mnaosoma: mtoto anayechechemea asubuhi kwa wiki kadhaa hana “maumivu ya kukua”. Inaweza kuwa ugonjwa huu, selimundu, kifua kikuu cha mifupa, homa ya baridi yabisi inayodhuru moyo, au hata saratani ya damu. Vyote vinahitaji vipimo. Madaktari bingwa wa viungo kwa watoto ni wachache mno Afrika Mashariki, lakini daktari wa watoto wa hospitali ya rufaa anaweza kuanza uchunguzi na kumwelekeza panapofaa. Mama wa Morogoro, safari hii ya kliniki nenda na baba yake. Asikie mwenyewe kutoka kwa daktari kwamba binti yake ni mgonjwa anayejitahidi, si mvivu.