Mteja akisema "kuku wako kaniharibu tumbo", unamjibu nini?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hasa mnaouza kuku wa kienyeji kama mimi hapa Gulwe, hili lisomeni. Meseji moja ya hivyo kwenye grupu la wateja inaweza kukufungia biashara. Wengi hukimbilia kujibu, "Kuku wangu wazima!"

Shida ni kwamba kuku mzima kabisa anaweza kubeba salmonela tumboni. Hasinzii, anakula na kutaga kama kawaida.

Maabara kubwa siku hizi zinaweza kulinganisha bakteria wa kuku na wa mgonjwa. Vinasaba vya salmonela ni kama maandishi ya herufi karibu milioni 5. Zikipishana herufi chache tu, hao ni ndugu wa karibu. Zikipishana maelfu, kuku huyo hana kesi.

Nairobi walishafanya kazi ya namna hii. Mradi wa UrbanZoo ulichukua bakteria wa E. koli kwa watu, mifugo na wanyama wengine katika kaya 99, wakasoma vinasaba vya sampuli 1,338. Matokeo yalitoka 2022: kufanana kulifuata sana kaya. Mtu na mnyama kushirikiana bakteria kulikuwepo, ila mara chache zaidi. Na hata wakifanana, hiyo peke yake haisemi nani kamwambukiza nani.

Sasa, kwa kuku mmoja wa kwako hakuna atakayekupimia vinasaba. Ushahidi wako ni daftari: kuku katoka banda gani, kachinjwa lini, kaenda kwa nani. Mteja akilalamika, mpe pole kwanza. Kisha uliza alikula lini, walikula wangapi, waliumwa wangapi, na kachumbari ilikatiwa ubao gani. (Ubao uliokatia kuku mbichi ukikatia na nyanya, nyama hata ikiiva vizuri haisaidii.) Akiwa na homa au anaharisha damu, mwambie aende kituo cha afya leo leo. Angalia daftari: wateja wengine wa banda hilo wakilalamika pia, simamisha kuuza kuku wa pale.

Halafu kuna simu. Tunanyonyoa kwa mkono mmoja, tunajibu oda kwa mwingine, kisha simu hiyo hiyo anapewa mtoto achezee. Mimi siku ya kuchinja simu inakaa ndani mpaka ninawe kwa sabuni. Oda zinasubiri.

Wewe unayetuma kuku waliochinjwa Dodoma mjini, barafu unapata wapi?